Mtoto Analala Kando ya Pawasaplai Yangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba usinicheke, kwa sababu kucheka watu kwenye safu yako ni kazi yangu mimi, kila wiki shemeji akisoma gazeti kwa sauti pale dukani na wateja wametega masikio, mimi ndiye wa kwanza kusema huyu naye kichwa amepewa cha kufugia nywele, na leo kichwa chenyewe ni changu. Ndiyo dunia.

Mimi ni kijana ambaye shule niliiacha katikati, au tuseme yenyewe iliniacha, hatukuelewana, ndiyo maana kaka yangu, dereva wa lori, alinipa jina la Nusu. Nusu lete maji, Nusu umekula, Nusu usiguse hiyo. Nimelizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Lakini kwa mikono, mshauri, sikufichi, mimi si mtu wa mchezo, redio zilizokufa nimezifufua, pasi nimezitibu, na feni ya jirani niliyoifunga mimi inazunguka mpaka leo, kweli inapuliza dari badala ya watu, lakini si inapuliza?

Naishi kwa kaka. Safari zake ni ndefu, kwa hiyo nyumbani tunabaki mimi, shemeji, na binti yao ambaye bado anatambaa na ananiita "ba", maana ba'mdogo limemshinda kumalizia, naye ni nusu kama mimi. Chumba cha mbele shemeji amekifanya duka la picha za pasipoti na kuchapa barua za watu. Kaunta yake ni finyu hata kiwiko kinaomba ruhusa, ndiyo sababu alinunua kompyuta ile nyembamba inayosimama wima kama kitabu kwenye rafu. Duka zima ni hiyo mashine. Ikilala, na sisi tunalala.

Basi siku moja ikalala. Unabonyeza, kimya. Shemeji akajifunga kitambaa kichwani aende kumwita fundi wa sokoni, nikamzuia mlangoni nikamwambia, "Shemeji, unatoka kutafuta maji nje na kisima kiko uani?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Kisima chenyewe kina maji au kina vyura?"

"Vyura wanakaa kwenye maji, shemeji."

Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniachia mashine na pesa ya kifaa. Na ugonjwa niliupata, mshauri, hilo naomba nisinyang'anywe, ilikuwa pawasaplai, kile kidude cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kuipimia mashine kiasi inachotaka. Nikaichomoa, nikaiweka chini ya kitanda changu, nikaenda dukani mikono mitupu. Kwa nini mikono mitupu? Kwa sababu kupita barabarani umebeba kifaa kilichokufa ni sawa na kujiandika kifuani kwamba hujui, na mimi pale mtaani nina heshima yangu.

Muuza vipuri ni mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Akaniuliza, "Kompyuta yako ya umbo gani, mwanangu, kubwa au ile nyembamba?" Nyuma yangu walikuwa wasichana wanasubiri chaji za simu zao, sasa hapo neno nyembamba likanijia masikioni kama neno dogo, kama kitu cha kitoto, nikasema, "Ya kawaida tu, mama."

"Ungeleta ya zamani tukafananisha."

"Mama, mimi siyo mteja wa kubahatisha."

Wasichana wakacheka, nikajiona nimerefuka. Akaniwekea mezani mbili, moja nzito, namba yake ya wati ndogo imeandikwa kwa unyenyekevu pembeni, nyingine nyepesi kama boksi la viatu tupu, lakini namba yake kubwa ajabu, kwa maandishi mekundu, inapiga kelele. Mtu mwenye nguvu atachagua mnyonge? Nikachukua nyekundu. Yule mama akasema taratibu, "Hiyo nyepesi, mwanangu." Nikamjibu, "Afadhali, sitachoka kubeba." Wakacheka tena. Mshauri, kile kicheko mpaka leo nakisikia.

Nyumbani nikakuta shemeji ametoka kufuata karatasi na mtoto mgongoni. Nikafungua kasha la kompyuta, nikapima kwa jicho, jicho likakataa. Pale pawasaplai ya zamani ilipokaa pana uchochoro mwembamba mrefu kama wa kupitisha rula, na hii yangu ni tofali. Niliigeuza, nikailaza, nikaisimamisha, nikaibembeleza, nikaitukana. Mtu mwenye akili angeirudisha dukani, lakini kurudi ni kumkuta yule mama na miwani yake, na kumwambia ile kawaida niliyoisema siyo kawaida, na pengine wasichana bado wanasubiri chaji. Basi nikachukua msumeno wa chuma wa kaka. Nikakata tundu ubavuni mwa kasha, nikapitisha nyaya, na pawasaplai nikaiweka nje, sakafuni, chini ya kaunta, kama utumbo wa mtu uliotoka na mwenyewe anatembea. Nikabonyeza. Ikawaka! Nilicheza peke yangu chumba kizima.

Shemeji akarudi, akainama. "Hili nalo nini?"

"Hiyo ni ya nje, shemeji. Ya kisasa. Inakaa nje ili ipumue."

"Na hili tundu?"

"Ndiyo pua yake."

Nilidhani atanizomea. Mshauri, alikaa kwenye kiti, akaitazama ile mashine inavyowaka, akanitazama mimi, akasema, "Injinia." Bila utani. Akampigia kaka palepale, akaweka simu sauti ya wote. Nikasikia lori linanguruma, kisha kaka akasema, "Nusu amefanya hivyo? Basi tangu leo Nusu hayupo. Mpe simu Injinia." Nikaenda uani kunawa uso, na uso wangu haukuwa mchafu.

Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Siku za baridi zikaingia, akaja mama yake shemeji kutusalimia, bibi ambaye akiona kitu kiko uchi anakifumia kitambaa. Redio ina kitambaa, viti vina vitambaa, hata mtungi una kitambaa. Akaona pawasaplai yangu. Akaifumia cha rangi ya maziwa chenye maua pembeni, akaivika mpaka chini. Nikajikakamua, "Bibi, hiyo inahitaji hewa."

"Hata wewe unahitaji hewa, mbona umevaa shati?"

Nikamsaidia kukinyoosha pembeni.

Tangu hapo inachemka. Shemeji akifungua picha nyingi kwa pamoja mashine inazima ghafla, na mimi nasema, "Ndiyo umeme wa siku hizi, shemeji," naye anaungana nami kuulaani umeme wa watu usio na kosa. Kuna harufu kama ya plastiki iliyosahauliwa juani. Nimefunua kitambaa, upindo wake kwa ndani umekuwa rangi ya chai. Nikakifunika tena.

Na siyo hilo lililonitoa machozi. Juzi nimeingia dukani nikakuta shemeji ametandika kigodoro cha mtoto chini ya kaunta, kimegusana na lile tofali, mtoto amelala, mkono wake mdogo uko juu ya maua ya kitambaa. Shemeji akaniambia, "Weka kiganja hapo uone joto lake, kama mgongo wa mama. Hii mashine yako inanisaidia hata kulea."

Nikasogeza kigodoro, akakirudisha. Nikasogeza tena, akasema mbona unanisumbulia mtoto. Sasa nimekuwa mlinzi, nashinda nimechuchumaa pale chini, shemeji akienda jikoni naizima, akirudi namwambia ilikuwa inapumzika. Wateja wananisifu kwa kupenda kazi. Shemeji mwenyewe anawaambia, "Sijaona ba'mdogo anayependa mtoto kama huyu, haondoki hata dakika." Mshauri, afadhali angenipiga kofi.

Na mambo hayajaisha. Kaka amepiga simu, ofisi ya bosi wake wana kompyuta nyembamba kama yetu, imekufa vilevile, naye amejipiga kifua mbele ya bosi kwamba mdogo wake ni injinia, atanipitia mwisho wa wiki anipeleke, nilale hukohuko mpaka nimalize. Nikienda, nani atakaa na lile tofali? Nisipoenda, nitasema nini? Na nikisema, nitarudi kuwa Nusu, safari hii kwa haki. Nimewaza kununua nyingine kimyakimya, lakini ukweli unaoniua ni huu, sijui ninunue ipi, nikirudi dukani nitakosea vilevile, hizi nyembamba zina mambo yake ambayo mimi kwa mdomo wangu mpana sikuwahi kumuuliza mtu.

Nimekuandikia kwa simu na namba yangu hiyo hapo. Ukiichapa barua badilisha kidogo, sema ni jokofu, maana msomaji wa kwanza ni shemeji.

Ni mimi,
Nusu, ambaye kwa sasa anaitwa Injinia

*

Mwanangu Nusu,

Zima. Chomoa ukutani. Mhamishe mtoto.

Wasomaji wangu, maneno hayo nilimtumia kijana huyu palepale nilipomaliza kusoma, chai yangu haijapoa, wala sikugusa barua ya mtu mwingine mpaka aliponijibu. Aibu inaweza kupanga foleni, moto haupangi. Na jibu lake lilikuwa hili: "Tayari mshauri, nimemwambia shemeji umeme umesumbua."

Umejiona, Nusu? Hata kuzima umezima kwa uongo! Swichi ambayo mtu hajui kwa nini imezimwa, ataiwasha. Utaenda chooni, mteja ataingia anataka picha, shemeji atachomeka, na kwa kuwa baridi ni kali atamrudisha mtoto kwenye joto lake. Usinidanganye kwamba unamlinda mtoto. Unalinda jina, na mtoto umemweka katikati.

Nikupe haki yako kwanza, isije ikasemwa nakuonea. Ugonjwa uliujua, na wapo wenye vyeti ukutani ambao wasingeujua. Kutojua saizi si kosa, hakuna aliyezaliwa anajua vipimo vya pawasaplai. Lakini yule mama wa vipuri alikuuliza umbo, akakuomba ya zamani, akakuambia hiyo nyepesi. Alikufungulia mlango, ukapita dirishani, kwa sababu wasichana ambao hata sura yako hawaikumbuki walikuwa wanasubiri chaji. Na kaka yako, huyo naye nitamsema: mtu mzima huwezi kumwita mdogo wako Nusu miaka yote, halafu ukashangaa anakufa kwa kiu ya jina lingine. Ila kiu haikupi ruhusa ya kunywa chochote.

Sasa ulichoniuliza. Binti yangu mimi ndiye anayetengeneza kompyuta, nikamsomea barua yako. Alicheka mwanzoni, alipofika kwenye kigodoro akaacha. Anasema kompyuta nyembamba hazina "kawaida". Pawasaplai zake zina maumbo yake, nyingine ndefu na nyembamba, nyingine fupi kama kipande cha sabuni ya kufulia, na kampuni nyingine hutengeneza zinazoingia kwenye mashine zao tu. Kwa hiyo usichague kwa jicho, wala kwa jina la duka. Toa ile ya zamani chini ya kitanda uende nayo. Fananisha urefu, upana na kimo, matundu ya skrubu yakae palepale, feni itazame upande uleule, na vichwa vya nyaya vilingane, kile kipana kinachoingia kwenye ubao mkuu na kile kidogo cha mraba, maana kuna mashine vichwa vyake ni vya aina yake na vya kawaida haviingii. Visipolingana, usikate na usiunganishe, tafuta ya mashine hiyohiyo.

Halafu wati. Mashine ya kuchapa barua na picha za pasipoti haili umeme mwingi. Tazama namba kwenye lebo ya ile ya zamani, chukua inayolingana au iliyozidi kidogo, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Namba kubwa ndani ya boksi jepesi ni maneno matupu, ndani hamna chuma wala shaba ya kutosha kubeba hiyo namba. Debe tupu haliachi kuvuma, na hapo naisema pawasaplai, sijakusema wewe. Bado.

Ikishafungwa ndani ya kasha, mashine iachiwe nafasi nyuma, isisukumwe ukutani, na isivikwe kitu. Bibi mweleze kwa adabu: mtu mwenye shati akiona joto atavua, mashine haina mikono. Na ile pawasaplai nyekundu usiifungue "kuchungulia kilichoharibika", nakujua. Hata ikichomolewa ukutani, ndani yake umeme hubaki umejificha na unaweza kukuua. Hata ya zamani usiifungue. Nyekundu mrudishie yule mama umweleze ilivyokuwa, asije akamuuzia kijana mwingine mwenye mdomo.

Nawe utabeba zote mbili mkononi, barabara nzima, siyo kwenye mfuko mweusi. Ukifika utasema, "Mama, ulinishauri nikajifanya najua. Naomba inayofanana na hii." Hata kama duka limejaa wasichana. Hasa kama limejaa.

Lakini kabla ya dukani ni nyumbani. Mwambie shemeji leo, mkiwa wawili, usianze na umeme na usianze na mzaha, maana nakuona unavyoukimbilia. Sema hivi: "Shemeji, ile siyo ya kisasa. Nilikosea saizi, nikaona aibu, nikakata kasha lako. Inachemka, na nilijua, na mtoto alikuwa analala pale nikiwa najua." Hilo la mwisho usilimeze. Ndilo zito, na ndilo linalomhusu. Atakasirika, mwache akasirike. Akitaka kumwita fundi wa sokoni, nenda umwite wewe, umshikie tochi, unyamaze.

Kaka yako mpigie kabla hajawasha lori kuja kukuchukua. Mwambie ugonjwa unaweza kuutafuta, lakini kifaa hutanunua bila kuichukua ya zamani na kumuuliza anayejua, na kama bosi hataki mtu wa namna hiyo, basi asikupitie. Atacheka. Mwache acheke mpaka amalize, halafu mweleze habari ya kigodoro. Hapo hatacheka, na hapo ndipo utakapoongea na kaka yako, siyo na mtu anayekupa majina.

Lile tundu fundi alizibe kwa kipande cha bati, lakini usilipake rangi. Libaki linaonekana. Siku mdomo utakapokuwasha mbele ya watu, lipapase kwanza.

Umeniomba niandike jokofu. Sikubadilisha neno, hakuna anayemlaza mtoto kwenye joto la jokofu. Niliyoyaandika hapa nimekutumia kwa simu siku ileile, na nikakuambia siku gazeti litakapotoka, kwa hiyo muda wa kusema unao, tena wa kutosha mtu mwenye ulimi kama wako.

Na wewe dada unayesoma kwa sauti hapo dukani, watu wamekuzunguka: kama kijana huyu alikwisha kukuambia, mpe kiti akae, na leo zamu ya kucheka ni yako. Kama hakukuambia, utakuwa umeshaona kwamba tangu ulipoanza kusoma hajatia neno. Weka gazeti chini, watoe wateja nje, umgeukie. Usimwulize kitu. Mngoje aanze yeye.